Mwanangu ni Fundi Bomba

Hotuba iliyotolewa kwenye kikao cha wazazi na vijana wa jumuiya yetu, Virginia. Inachapwa katika toleo hili la Sherehe za Uhuru kwa ombi la wajumbe.

  Nyie vijana mliokaa nyuma na simu zenu! Leo naomba mnisikilize kidogo, maana nusu ya maneno haya ni yenu.

Nianze kwa kuungama. Mwaka jana, usiku wa sherehe ya Uhuru, katika ukumbi huu huu, nilikuwa kwenye foleni ya pilau. Mama mmoja ninayemheshimu sana akaniuliza, "Mwanao mkubwa siku hizi anasoma nini?" Nikajibu bila kupepesa macho, "Anasoma uhandisi wa meli." Akafurahi, akanishika mkono, akanipongeza. Nilipogeuka kuchukua sahani, mwanangu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amesikia kila neno.

Hakusema kitu. Alikula, akacheza muziki na wenzake, akasaidia kupanga viti. Njiani kwenye gari ndipo aliponiuliza, "Mama, unanionea aibu?"

Nilikosa jibu. Mwanangu hasomi uhandisi. Mwanangu ni mwanagenzi, yaani fundi anayejifunza kazi kazini, katika kiwanda cha meli cha Newport News. Anajifunza ufundi bomba. Mimi nikirudi kutoka zamu ya usiku, yeye ndiyo kwanza kaoga yuko kazini, kavaa kofia ngumu na viatu vyenye chuma kwenye vidole. Nimechukua karibu mwaka mzima kulitafuta jibu la swali lake, na leo nalitoa mbele yenu, kwa sababu najua swali hilo limo katika nyumba nyingi za humu ndani.

Tulivyofika hapo

Wengi wenu mnanijua. Nilikuja nchi hii nikiwa binti wa miaka 23. Nilianza kwa kuogesha wazee usiku, mchana nasoma, na shahada yangu ya uuguzi niliipata hapa hapa kwa miaka mingi kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo kichwani mwangu mlango wa maisha ulikuwa mmoja tu, nao ni chuo kikuu. Mtoto alipomaliza haiskuli sikumuuliza anataka nini. Nilimuuliza anataka chuo gani.

Alikaa chuoni mihula mitatu. Muhula wa tatu alikuwa anaondoka nyumbani asubuhi na mkoba, anaenda kukaa kwenye gari uwanja wa maegesho, jioni anarudi. Tulikuja kujua barua ilipofika. Mkopo ulibaki, shahada haipo. Baba yake hakuzungumza naye kwa wiki mbili. Mimi nilizungumza sana, na maneno yangu mengine natamani ningeyameza.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepata habari za uanagenzi kutoka kwa mwenzake aliyesoma naye. Aliomba mara ya kwanza, hakupata. Akafanya kazi ghalani kwa mwaka mmoja, akarudia hesabu zake, akaomba tena, akapata. Nilipompigia simu shangazi yangu Tanga kumweleza, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ili mtoto akafunge mabomba ya choo?"

Siwezi kumlaumu shangazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Kazi yenyewe ni ipi

Tuanze na kiwanda. Kiwanda cha Newport News kilianzishwa mwaka 1886. Leo ndicho mwajiri mkubwa kuliko wote wa viwandani katika jimbo hili la Virginia, kina wafanyakazi zaidi ya 20,000. Hakuna kiwanda kingine Marekani kinachojenga manowari kubwa za kubebea ndege zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Nyambizi za nyuklia zinajengwa na viwanda viwili tu, hiki na kile cha Groton, Connecticut. Manowari ya USS Gerald R. Ford, iliyokabidhiwa kwa jeshi la majini Mei 2017, ina urefu wa zaidi ya mita 330. Pangeni viwanja vitatu vya mpira kimoja baada ya kingine, bado inazidi.

Ndani ya kiwanda hicho kuna shule ya uanagenzi iliyofunguliwa mwaka 1919. Zaidi ya mafundi 10,000 wamehitimu hapo. Zipo fani karibu 20: kuchomelea, umeme, mabomba, mitambo, mabati, uchongaji wa vipuri, kunyanyua mizigo mizito, upakaji rangi, na nyinginezo. Mafunzo ya kawaida huchukua miaka minne. Zipo programu za juu zaidi, kama usanifu wa meli, ambazo huchukua miaka mitano hadi minane.

Sasa sikilizeni wazazi, maana hapa ndipo nilipokuwa sielewi. Mwanagenzi halipi ada. Yeye ni mwajiriwa tangu siku ya kwanza, analipwa mshahara kwa saa 40 za wiki, na saa anazokaa darasani zinalipwa pia. Darasani anasoma hesabu, fizikia, uchoraji wa kiufundi, na namna meli inavyobuniwa. Karakanani anafundishwa na fundi mzoefu, halafu anahamishwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine ili aijue meli nzima. Anayetaka kuendelea anaweza kupata shahada, kwa ushirikiano wa shule hiyo na vyuo vya hapa jirani. Wahitimu wengi wamepanda kuwa wasimamizi. Na vijana wanaopenda michezo wasidhani watakosa, shule ina timu zake za mpira.

Kwa hiyo linganisheni. Kijana mmoja anamaliza miaka minne ana cheti na deni. Mwingine anamaliza miaka minne ana cheti, ana uzoefu wa miaka minne, ana akiba, na pengine ameshaanza kulipa nyumba. Sisemi huyu wa pili ni bora. Nasema tusimwite aliyeshindwa.

Kiungo kimoja cha bomba

Mwanangu aliponiona bado nina kinyongo, hakubishana nami. Alinieleza habari moja ambayo wanagenzi wote husimuliwa, nami nikaenda kuisoma mwenyewe.

Tarehe 10 Aprili 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru wake mwezi Desemba, nyambizi ya Marekani iitwayo USS Thresher ilizama katika Bahari ya Atlantiki ikiwa kwenye majaribio ya kina kirefu. Walikufa watu wote 129 waliokuwa ndani. Hawakuwa wanamaji peke yao, walikuwemo pia raia, na kati yao watumishi wa kiwanda waliokwenda kuiangalia kazi yao. Uchunguzi ulionyesha kwamba huenda chanzo kilikuwa kiungo cha bomba la maji ya bahari, kwenye chumba cha mitambo, kilichoachia. Maji yakaingia kwa kishindo, umeme ukaathirika, mtambo ukazimika, nyambizi ikashindwa kupanda juu.

Baada ya msiba ule jeshi la majini likaweka utaratibu mpya wa usalama unaoitwa SUBSAFE. Kila kipande kinachozuia maji ya bahari yasiingie lazima kijulikane kilikotoka, ni chuma cha aina gani, nani alikifunga, nani alikikagua, lini. Kila kitu kinaandikwa na kutiwa saini. Tangu hapo hakuna nyambizi yao iliyopitishwa kwa utaratibu huo iliyozama.

Niliposoma hayo nilinyamaza. Kwa sababu, ndugu zangu, hiyo ni kazi yangu. Mimi nikimpa mgonjwa dawa naandika ni dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, naweka saini. Nisipoandika, kwa sheria ya kazi yetu ni kama sikumpa. Nikikosea, mtu anaweza kufa. Nilikuwa nadhani mwanangu amekimbia kazi ya akili akaenda kwenye kazi ya mikono. Kumbe amekwenda kwenye kazi ambayo uongo mdogo wa kalamu unaweza kuua watu zaidi ya mia moja kwa mara moja.

Halafu akanichokoza. Akaniuliza, "Mama, ile oksijeni kwenye wodi yako inatoka wapi?" Nikamwambia inatoka ukutani. Akacheka. "Ukutani imefikaje?" Miaka yote hiyo nimechomeka mirija kwenye ukuta ule, sijawahi kujiuliza. Nyuma ya ukuta kuna mabomba ya shaba, na kila kiungo kimechomelewa na fundi bomba. Wagonjwa wangu wanapumua kwa kazi ya mikono ya mtu ambaye mimi ningeona haya kumtaja mbele ya wageni.

Fundi kwetu

Tena ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani ndio tulipaswa kulijua hili zamani. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Pangani. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Fundi, na wenye vyombo walikuja na adabu zao kumbembeleza awajengee.

Kwake walikuwepo vijana wa kufundishwa. Hakuna aliyepewa tezo siku ya kwanza. Kijana alianza kwa kubeba zana, kuchota maji, kusokota pamba na kuichovya mafuta kwa ajili ya kukalafati. Baadaye akapewa keekee atoboe mbao. Baadaye tena ndipo akashika tezo. Ilipita miaka kabla hajaruhusiwa kugusa mkuku wala kukata taruma. Babu hakuwa na mchoro wa karatasi, alipima kwa jicho na kamba. Lakini alikuwa na mtihani mmoja ambao hauna rushwa: chombo kikishushwa majini, ama kinavuja ama hakivuji.

Huo ndio uanagenzi. Mwanangu anafanya alichofanya babu yake mkuu, ila mbao zimekuwa chuma, na jicho limeongezewa vipimo. Sasa nijiulize, ni lini neno fundi lilishuka thamani midomoni mwetu? Nadhani lilishuka tulipofundishwa kwamba mtu aliyestaarabika ni yule mwenye kalamu na shati jeupe, na mwenye mikono michafu ni mtumishi wake. Bendera tuliibadilisha mwaka 1961. Fikra hiyo tumepanda nayo ndege mpaka huku.

Na huku pia milango haikufunguka yenyewe. Watu Weusi wamefanya kazi katika kiwanda cha Newport News tangu enzi za mwanzo, lakini kwa miaka mingi kazi nzuri hawakuzipata. Mwaka 1966, baada ya wafanyakazi Weusi kupeleka malalamiko kwa tume ya serikali ya haki sawa kazini, kiwanda kilikubali kubadilisha utaratibu wa kupandisha watu vyeo na wa kuchukua wanagenzi. Mwaka 2017 kiwanda hicho kikapata mwanamke wa kwanza kukiongoza, Jennifer Boykin, naye ni mhandisi. Kwa hiyo mabinti mliopo hapa, msidhani nazungumza na kaka zenu peke yao. Wasichana wanaochomelea chuma wapo, na wanalipwa sawa na mvulana wa daraja lao.

Yale yanayoniogopesha

Mimi ni nesi, siwezi kusimama hapa nikasifia tu. Nina mambo matatu.

La kwanza ni afya. Nimewahi kuwauguza wazee waliofanya kazi kwenye meli enzi ambazo mabomba yalikuwa yakifungwa kwa asbesto kuzuia joto. Vumbi lile likiingia mapafuni linaweza kukaa kimya miaka 20, hata 40, halafu likatoka kama saratani ya utando wa mapafu. Waliugua hata wake zao ambao hawakuwahi kukanyaga kiwandani, kwa sababu walikuwa wakikung'uta na kufua nguo za kazi. Asbesto haitumiki tena kama zamani, lakini meli za zamani bado zinafanyiwa matengenezo. Na hatari nyingine zipo. Moshi wa kuchomelea, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kelele zinazofikia desibeli 85 kwa siku nzima, siku baada ya siku, huharibu masikio, na sikio likishakufa halina dawa. Mashine zinazotetema hutia vidole ganzi. Ndani ya matangi hewa inaweza kuwa haitoshi, na mtu akaanguka kabla hajajua kuna tatizo.

Kwa hiyo kijana ukienda huko, vaa kinyago cha kupumulia hata kama mwenzako mkubwa havai. Vaa vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza, siyo tangu siku utakapoanza kusema "eti?" Usiingie kwenye tangi ambalo hewa yake haijapimwa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto. Na ukipewa nafasi ya kupimwa masikio na mapafu, nenda. Utaratibu wa kazi unakuruhusu kukataa kazi ya kukuua, na pale Newport News kipo chama cha wafanyakazi, tawi la 8888 la Steelworkers, ambacho wafanyakazi walikipigania kwa mgomo mwaka 1979. Kijue kabla hujakihitaji.

La pili ni uraia. Kazi za meli za kivita kwa kawaida zinataka uraia wa Marekani, grini kadi haitoshi. Hili kwetu Watanzania lina uchungu wake, kwa sababu sheria ya nyumbani haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku niliyokula kiapo hapa nilirudi kwenye gari nikalia. Siwezi kuwaambia mfanye nini, kila mmoja ana hesabu zake. Ila kuna jambo la kisheria ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukaazi wa kudumu, anayeishi hapa chini ya malezi ya mzazi aliye raia, anapata uraia moja kwa moja. Akishafika 18 kabla mzazi hajawa raia, njia hiyo imefungwa, itabidi aombe mwenyewe na kusubiri. Wapo vijana waliokosa nafasi kwa sababu ya karatasi ambazo sisi wazazi tulizilaza kwenye droo.

Na kijana akiulizwa kwenye fomu za usalama kuhusu ndugu zake walio nje ya nchi, aseme ukweli. Kuwa na bibi Tanga si kosa. Kumficha bibi ndiyo kosa.

La tatu ni dhamiri. Mzee wetu mmoja aliniuliza waziwazi, "Mtoto wetu akatengeneze meli za vita za Wamarekani?" Ni swali halali, na sitaki kulipaka mafuta. Manowari si jahazi la kubeba mchele. Mwanangu analijua hilo, tumelizungumza mezani zaidi ya mara moja, na yeye ana jibu lake ambalo si lazima liwe langu. Wapo ambao dhamiri yao haitawaruhusu, na hao waheshimiwe. Lakini fundi hafungwi na meli moja. Anayejua kuchomelea na kufunga mabomba kwa kiwango hicho anatakiwa kwenye meli za abiria, kwenye mitambo ya umeme, na kwenye hospitali.

Nilimkumbusha mzee yule habari ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwenye makasha mpaka Kigoma, na kuunganishwa pale na mafundi watatu wa Kijerumani wakisaidiwa na Waafrika na Wahindi. Ilishushwa ziwani mwaka 1915 kwa ajili ya vita. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaanza kubeba abiria wa Ziwa Tanganyika. Wangapi miongoni mwetu wana bibi au mjomba aliyepanda Liemba? Majina ya Wajerumani watatu yameandikwa vitabuni. Ya babu zetu waliogonga ribiti zile sijawahi kuyaona. Labda ndiyo maana tunadhani ufundi si wetu.

Kwa wanaotaka kujaribu

Vijana, sasa ni zamu yenu. Ukitaka njia hii, mambo ni haya.

Uwe umefika miaka 18 na umemaliza haiskuli. Usicheze na hesabu, hasa aljebra na jometria, maana ndizo zinazowachuja wengi. Kama shule yenu ina masomo ya ufundi au ya uchoraji wa kiufundi, chukua. Waombaji ni wengi sana kuliko nafasi, kwa hiyo ukikataliwa mara ya kwanza usitoweke, rudi na kitu ulichoongeza.

Utapimwa dawa za kulevya, na bangi imo. Najua sheria ya Virginia tangu Julai 2021 inamruhusu mtu wa miaka 21 kuwa na bangi kidogo. Sheria ya taifa haijaruhusu, na kiwanda kinafanya kazi ya taifa. Nimeona kijana mwerevu akipoteza nafasi kwa sherehe ya usiku mmoja.

Newport News si mahali pekee. Vipo viwanda vinne vya serikali vya jeshi la majini vyenye wanagenzi wao: Norfolk Naval Shipyard, ambacho kiko Portsmouth hapa kwetu, kingine Kittery katika Maine, kingine Bremerton katika Washington, na kingine Pearl Harbor, Hawaii. Vipo vya binafsi Groton, Pascagoula na Bath. Wenye ndugu Portland na Lewiston, ambako Wakongo, Wanyarwanda na Warundi wengi wamejenga maisha, waambieni Bath si mbali.

Na wewe ambaye moyo wako uko kwenye vitabu, nenda chuo kikuu, tena nenda kifua mbele. Mimi ni mtoto wa chuo na sijutii. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ninachowaomba wazazi ni kumuuliza ndege kabla ya kumchagulia ubawa.

Jibu langu

Tulipopata uhuru wetu, wazee walisema "Uhuru na Kazi." Nilikuwa nalisikia neno hilo kila mwaka kwenye sherehe hizi kama mapambo ya ukutani. Hawakusema uhuru na ofisi. Hawakutaja suti wala shahada. Walisema kazi, nadhani wakimaanisha kazi yoyote ya halali ambayo mtu anaifanya vizuri kiasi kwamba jirani anaweza kuitegemea.

Mwezi uliopita shangazi yangu alipiga simu. Pampu ya kisima cha mtaa imeharibika, fundi aliyeletwa ameifunga vibaya, maji yanavuja kila kiungo. Akaniambia, "Hebu nipe huyo mjukuu wangu." Walizungumza nusu saa kwa video, mtoto na Kiswahili chake cha kuokoteza, shangazi akielekeza simu kwenye bomba, fundi wa mtaa pembeni akisikiliza. Siku ya pili shangazi akanipigia tena. Hakunisalimu. Alisema tu, "Havuji."

Basi mama yangu uliyeniuliza kwenye foleni ya pilau, uko pale mbele nakuona, na samahani kwa uongo wa mwaka jana. Swali lako nalijibu upya. Mwanangu anasomea ufundi bomba. Yuko mwaka wa pili. Na ewe mwanangu uliyesimama pale mlangoni na viatu vyako vya kazi: hapana, mama hakuonei aibu. Aibu ilikuwa yangu, na leo nimeiweka chini.